Somo la Kompyuta Bila Kompyuta

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Likizo moja nilipopanda Suji, kijijini kwetu mlimani, kusalimia wazazi, mkuu wa shule ya sekondari ya jirani aliniita. Wanafunzi wa kidato cha nne wangejaza fomu za kuchagua michepuo ya kidato cha tano wiki hiyo, na wengi walikuwa wakiikimbia hesabu. Alitaka niwaeleze habari za kompyuta. "Watie moyo," alisema. "Usiwatishe."

Sikumwambia kwamba aliyetishika ni mimi. Programu yangu ilikuwa imerudishwa mara tatu na makosa, na ya nne niliiacha Dar es Salaam bila kujua majibu yake. Kama ingerudi tena, ningefeli somo la kompyuta na kufukuzwa chuo. Nikaingia darasani na suruali ya bugaluu, kwenda kusifia kitu kilichokuwa kinanifukuza.

Kompyuta hatukuwa nayo. Nilikuwa na chaki. Nikawaambia kompyuta ni mtumishi mwenye mbio asiyejua chochote. Tumwandikie hatua za kumwagilia mashamba kwa ndiva, lile bwawa letu la mlimani linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Msichana mmoja wa mbele, ambaye mkuu alikuwa amenidokeza kuwa ndiye bora wa hesabu ila hajiamini, alikwenda ubaoni akaandika bila kusita:

1. Nenda kwenye ndiva asubuhi.
2. Ngoja mpaka ijae.
3. Izibue.
4. Mwagilia mashamba kwa zamu mpaka la mwisho.
5. Kesho rudi hatua ya kwanza.

Nikamuuliza kesho mtumishi atakuta nini.

"Maji."

"Nani atakuwa ameiziba jioni ya leo?"

"Mwenye zamu ya mwisho ndiye anayeziba. Si inajulikana?"

"Inajulikana kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Kompyuta si mtu. Itasimama pale ikingoja ndiva ijae, na maji yote yanateremka bondeni."

Darasa likacheka. Mvulana wa nyuma akampa pole kwa kukausha mahindi ya Suji nzima. Nami, mjinga, nilicheka nao. Msichana akaweka chaki chini, akarudi kwenye dawati lake, akaigeuza fomu yake kifudifudi.

"Basi mimi sifai, mwalimu," alisema taratibu.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Dakika kumi tu, nami nilikuwa nimemfukuza yule yule niliyeletwa kumvuta. Nikaamua kusema ukweli. Nikawaambia kuhusu kadi zangu za karatasi, ambazo siku hizo tulizitoboa matundu ili mashine isome programu, na kwamba mara ya tatu niliiagiza mashine ijumlishe vipimo vya mvua bila kuiambia ifanye nini kadi zikiisha. Nami nilidhani inajulikana.

Msichana akanitazama. "Wamekufukuza?"

"Bado."

Safari hii walinicheka mimi, na mkuu pamoja nao.

"Ukirudishiwa unafanya nini?"

"Natafuta nilipokosea, natoboa kadi upya, nazipeleka tena."

"Zote?"

"Mara nyingi moja tu."

Akarudi ubaoni na kati ya hatua ya nne na ya tano akabana maneno: *Ziba ndiva.* Akasoma kutoka juu mpaka chini, akageuka kuniuliza. Je, mwenye zamu ya mwisho akiugua kabla hajamaliza? Wenzake wakaanza kubishana, wengine kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, ingawa ilikatazwa shuleni, wakati yeye anafuta na kuandika.

Siku mbili baadaye mkuu alinisimamisha njiani kuniambia binti amechagua mchepuo wa hesabu. Nilimshukuru, nikacheka, nikaendelea kuteremka kuelekea Same kutafuta gari la kurudi chuoni. Nilipofika kona ya kwanza nilipunguza mwendo. Majibu ya programu yangu yalikuwa bado yananingoja Dar es Salaam, na sasa kulikuwa na mtoto wa watu aliyeniamini.