Kiroba cha Udongo Mweusi

Mwezi uliopita nilipanda kwenye hifadhi ya msitu mlimani, kule kaskazini. Wenzangu wakitazama nyani, mimi nikainama nikachota udongo. Mweusi, mwepesi kama unga wa muhogo. Nikaufinya, maji yakachuruzika kama nimekamua shuka, na wiki nzima mvua haijanyesha! Wallahi, rafiki yangu, wivu ulinishika palepale, mtu mzima na cheti changu cha shule ya usiku.

Wivu huo nimetoka nao kijijini kwetu Rondo, kule kusini, kwenye mchanga wetu mwekundu unaokunywa ndoo nzima na kuuliza nyingine iko wapi. Pamoja na mchanga huo, bibi yangu ndiye aliyegawa miche ya nyanya kijiji kizima. Wanawake walikuja na nyungo zao: "Shikamoo bibi, tumefuata watoto." Siku hizo bibi alirefuka kuliko mnazi.

Kisha jirani yetu, aliyekuwa akibebea wageni mizigo mlimani kule kaskazini, akarudi na kiroba cha udongo mweusi. Miche yake iliota kama imeitwa kwa jina. Nyanya moja ingelisha harusi! Nyungo zikahamia kwake. Bibi akasema tu, "Udongo ni kama mke, ukimsifu wa jirani, wako anasikia." Lakini tangu siku hiyo alisuka mkeka akiupa uwanja wa jirani mgongo.

Mimi, mtoto bado, nikamsikia jirani akijitapa, "Mnashangaa nini? Majivu tu haya, mlima umeyatema."

Majivu tu! Mbona jikoni kwetu yamejaa? Bibi alipokwenda kisimani, nikamwaga debe zima kwenye kitalu, mengine yangali na moto, nikachanganya, nikamwagilia.

"Wewe, mbona miguu kama umetoka kaburini?"

"Nilikuwa nacheza, bibi."

Siku ya tatu miche yote imelala chini. Wanawake wawili waliokuwa bado wetu wakaja kuulizia. Bibi akatazama kitalu, akatazama miguu yangu.

"Wadudu," akawaambia. "Wenye miguu miwili. Wadogo bado, watakua."

Akachukua ungo wake, akaenda kwa jirani, mimi nyuma natamani ardhi inimeze.

"Karibu, mama. Leo ungo umegeuza njia?"

"Umegeuza. Jaza."

Watu wakaona. Hakuna aliyekuja tena kwetu kufuata watoto.

Kule mlimani mwongozaji alinieleza kwamba majivu yale ya volkano yameoza na majani miaka na miaka hata yakawa udongo. Tena una uchoyo wake: mbolea nyingine huing'ang'ania, mizizi isiipate. Nikacheka, nimepata ndugu: mimi na wivu wangu, wenyewe na uchoyo wake.

Nikirudi nilipitia Rondo. Bibi alishatangulia mbele ya haki, na udongo wa kiroba cha jirani umemezwa na mchanga, hakuna hata punje nyeusi. Nikatafuta kitalu, nikatafuta alama ya goti lake alipokuwa akipanda. Hakuna. Nyanya zao sizitaki tena. Ninachowaonea wivu watu wa mlimani ni udongo unaoshika kitu.