Tarehe Ubavuni mwa Tairi

Kila Jumamosi huja kwenye duka letu la vipuri vya magari, hapa Glenwood, Durban, mzee Mkongomani mwenye Chevrolet ya zamani ya silinda nane ambayo bado iko juu ya mawe. Kabureta huinusa kwanza. Pistoni huzigonga kwa ukucha na kusikiliza, kisha huzifunga kwa shati kuukuu kama mayai. Rimu alizichukua siku ileile alipoziona. Tairi ndizo zilizonichosha. Huzipindua zote, akipapasa ubavuni kwa kidole gumba kilichopasuka mpaka afikie tarakimu nne, za wiki na mwaka wa kutengenezwa, halafu anatikisa kichwa. "Hapana, binti yangu. Hii iko ya mwaka jana. Tairi inazeeka hata kama gari haitembei. Josias ataikuta imekufa." Josias ni mwanawe, aliyerudi Bukavu kumchukua mama yake, na tangu hapo simu yake haipatikani. Nami huzirudisha tairi nikinung'unika, nikijua Jumamosi ijayo tutaanza upya.

Jumamosi iliyopita alisimama mlangoni tu, akaonyesha kwa kidevu tairi nne za chini kabisa, zilizojaa vumbi. "Nipatie hizi." Nikamwambia ukweli ambao muuzaji hapaswi kuusema: "Papa, hizo zina miaka sita." Nikangoja anigombeze, aseme Josias atazikuta zimekufa. Nikaipindua moja mwenyewe, nikamwekea tarakimu mbele ya macho.

"Haina neno," akasema, na kile kidole gumba hakikutoka mfukoni.