Mama wa Kwenye Bango

Mwanahawa aliachwa kwa ujumbe wa sauti, na kata nzima iliupata kabla yake.

Mumewe, Hafidhi, alikuwa diwani mjini Morogoro. Alipomwoa, Mwanahawa alikuwa mchuuzi wa ndizi na mdalasini, anateremka kutoka Kinole, milimani, na mikungu kwenye baiskeli. Udiwani ulipomkolea akaanza kuona kwamba mke anayenukia mdalasini hafai kukaa meza kuu. Basi siku moja akairekodi talaka kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mkutano wa hadhara, akaituma. Kidole kikateleza. Talaka ikaangukia kwenye kundi la wasapu la maendeleo ya kata. Watu wakaipokea kama walivyozoea kuyapokea matangazo yake yote: bila kuisikiliza wakaweka dole gumba. Mmoja akaandika, "Tuko pamoja, mheshimiwa."

Mwanahawa alikuwa uani anafua kanzu ya huyo huyo mheshimiwa, jirani akaingia na uso wa msiba.

"Pole, dada."

"Pole ya nini?"

"Kwani wewe humo kwenye kundi?"

Aliimalizia kanzu, akaianika vizuri, kisha akafunga mzigo wake na kurudi Kinole, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru, shamba la namna hiyo ni la upande wa kike, hakuna mwanamume anayeweza kuliandikia talaka. Akakaa eda, akalia alipotaka kulia, akapalilia pilipili manga.

Hafidhi naye akamwoa Hidaya, mtangazaji wa redio kutoka Dar, mwenye kipindi cha kuwafundisha wanawake kumtunza mume. Harusi ilipigwa picha kuliko ilivyoliwa. Ndoa ilikwenda mpaka Hidaya alipogundua kwamba mume wa kutunzwa ana soksi za kweli na vidonda vya tumbo vya kweli. Akarudi Dar, akaendelea na kipindi.

Uchaguzi ukakaribia. Twalibu, meneja wa kampeni, akamwambia bosi wake ukweli. "Mheshimiwa, wanauliza mtaani: aliyeshindwa nyumba mbili ataiweza kata?"

Wakapanda Kinole. Walimkuta Mzee Hashimu, mjomba wake Mwanahawa, barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepotea sana."

"Siasa, mjomba. Nimekuja kumwomba Mwanahawa. Si kumrudia, hasha! Asimame tu na mimi jukwaani, siku moja, watu waione familia."

Mzee akaelekeza kidole uani. "Muulize mwenyewe yule."

Hafidhi hakuwa na habari kwamba Mwanahawa ameolewa tena. Ndoa yake na Rehani, fundi mwashi, ilikuwa ya pilau na dua, haikupita kwenye kundi lolote. Rehani ndiye aliyekuwa pale uani, anachonga mpini. Alisikiliza ombi lote bila kuinua kichwa.

"Hapa kijijini tunaazimana majembe," akasema. "Wake hatujaanza."

Mwanahawa akatokea jikoni, mikono ina unga. "Nenda salama, Hafidhi. Lisalimie kundi."

Wiki iliyofuata aliteremka mjini kuuza pilipili, akajikuta yuko juu ya nguzo ya umeme. Lilikuwa bango la kampeni lenye picha ya harusi yake ya zamani na Hafidhi, na chini yake maneno: FAMILIA IMARA, KATA IMARA. Walikuwa wamemng'arisha uso kwa kompyuta mpaka kafanana na Hidaya. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Siku ya mkutano wa kampeni alikaa mstari wa mbele pamoja na Rehani, kanzu imepigwa pasi. Mshereheshaji alipomwona akaruka kwa furaha. "Mama wa kwenye bango huyo! Mama, panda utusalimie!"

Akapanda. Rehani akamfuata.

"Shikamooni wazee," alisema Mwanahawa. "Mimi ndiye wa kwenye bango, ingawa pale wamenichubua. Na huyu ndiye mume wangu, anaitwa Rehani. Mgombea aliniacha. Talaka yangu wengi wenu mliipata, mkaweka dole gumba. Ahsanteni."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Twalibu aliinamia viatu vyake. Lakini Hafidhi hakuwa mwanasiasa wa juzi, alimvaa Rehani kwa kumbatio, akapaza sauti, "Shemeji yangu! Mnaona familia yetu ilivyo kubwa?" Wakampigia makofi.

Njiani kurudi, Mwanahawa alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe, halafu machozi yakaja ya aina nyingine. Rehani alisimama kando akimshikia kanga, ameudhika bado.

"Shemeji!" alinung'unika. "Mimi, shemeji yake?"

Hafidhi alishinda. Watu walisema mtu anayeweza kumkumbatia mume wa mtalaka wake mbele ya umma, maji ya bomba hayawezi kumshinda. Maji hayajafika. Mwanahawa hakumpigia kura wala hakumnyima, maana yeye anapigia milimani, ambako diwani wao ana wake watatu na bango lake lina picha ya trekta.