Kilo Sabini za Mchanga

Kazi ya zimamoto ilimjia fundi makochi ikiwa imebebwa na wanaume wawili. Walimlaza mtu juu ya meza yake, katikati ya mikasi na vipande vya sponji, wakasema amepasuka ubavu. Lilikuwa sanamu la turubai, kilo sabini za mchanga zilizovikwa koti kuukuu la zimamoto. Askari hulikokota mazoezini wakijifunza kuokoa watu.

Alilishona mshono mara mbili, akakata uzi kwa meno, kisha akauliza kama mwanamke anaruhusiwa kulikokota.

"Ruhusa ipo," askari mmoja alimwambia. "Ila fanya haraka, dada. Ukitimiza thelathini hawakupokei."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa na miezi saba.

Mama yake alilipokea wazo hilo akiwa amekaa kwenye kochi la mteja. "Maji ya kuoga tu unayasahau jikoni mpaka sufuria inaungua. Ndiye wa kuzima moto wewe?"

"Basi mama, angalau nitajua pa kuanzia."

Alipeleka cheti cha sekondari. Daktari akampima macho, masikio na mapafu. Akakimbia kilomita tano, akamaliza wa tisa kati ya arobaini. Kwenye ngazi ya ghorofa nne waliambiwa wasitazame chini. Yeye alitazama, akamwona mama yake nje ya uzio, akampungia mkono. Mkufunzi akafumba macho.

Mkufunzi huyo, bonge la mtu mwenye sauti ya kinu, aliwanoa kwa wiki sita. Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: "Mtu aliye kwenye moshi amechanganyikiwa. Atakupiga mateke, atakwambia umwache. Usimsikilize. Mtoe, mtazozana nje."

Ukabaki mtihani wa mwisho: kuingia chumba kilichojaa moshi wa mashine, kinyago cha hewa kimebandikwa karatasi nyeusi, na kumtoa mhanga ndani ya dakika mbili. Anayeshindwa hurudia na darasa linalofuata. Darasa linalofuata lingeanza fundi akiwa ameshavuka umri.

Kanuni ni kuingia huku mkono wa kulia ukipapasa ukuta. Fundi huyu hukata vitambaa kwa mkono wa kushoto, na mkono unaokata ndio anaouamini. Alipopiga magoti mlangoni, akashika ukuta wa kushoto.

Hatua chache mbele akagusa koti zito, mkanda, na bega. Akashukuru Mungu. Akapitisha mikono chini ya kwapa na kuvuta.

Sanamu likapiga teke.

Akaelewa papo hapo: safari hii wameweka mtu wa kweli. Mtu mwenyewe alikuwa akinguruma ndani ya kinyago, maneno hayasikiki, ila ilikuwa wazi kwamba anataka kuachwa. Fundi hakumsikiliza. Alimvuta kinyumenyume, teke baada ya teke, mpaka mwangani, akamlaza ubavu kama alivyofundishwa na kumfungulia kinyago.

Alikuwa mkufunzi. Alikuwa amechuchumaa pembeni mwa chumba, upande wa kushoto, saa ya kupimia muda mkononi, akilinda usalama wa watahiniwa.

Wenzake walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mmoja alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Nilikuwa nasema mimi ndiye mkufunzi," alisema mkufunzi.

"Afande, si ulisema tusisikilize?"

Mkufunzi alitazama mikono yake. Saa ilikuwa imebaki ndani ya moshi, ikihesabu muda usio wa mtu yeyote. Kamanda wa kituo, mwanamke mkavu asiyejua kutabasamu kazini, akaja na karatasi yake.

"Sanamu liko wapi?"

"Ndani, mkuu," fundi alijibu. Wenzake wakaacha kucheka.

"Umetumia dakika ngapi?"

Hakuna aliyejua. Kamanda akapiga mstari kwenye karatasi. "Bila muda, mtihani haujafanyika. Siwezi kumfelisha mtu kwa mtihani ambao haujafanyika. Rudia sasa hivi. Na wewe," akamgeukia mkufunzi, "kaa nje kabla hujaokolewa tena."

Fundi aliingia jasho likimchuruzika ndani ya kinyago, mkono wa kulia umeng'ang'ania ukuta. Safari hii mhanga hakuteta. Sanamu lilipovuka kizingiti, visigino vikichora mistari miwili vumbini, kamanda alibonyeza saa ya simu yake.

"Dakika moja, sekunde hamsini na mbili."

Fundi hakusubiri sahihi. Alitimua mbio kuelekea kwa mama yake, aliyekuwa akisubiri nje ya uzio, kofia ya chuma ikimdundadunda kichwani.

"We dada, kofia ya serikali hiyo," mlinzi wa lango alimwita.

Mkufunzi alikuwa angali akijikung'uta vumbi. "Mwache," alisema. "Jumatatu ataingia nayo kazini."