Aliyetunza Bahasha Zetu

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Mbale: karani aliyekuwa akipokea wagonjwa katika kliniki yetu ya Nabuyonga amefariki, na ameshazikwa. Mmenizoea nikiwasema wakubwa; leo niacheni nimlilie mama ambaye hakuwahi kuandikwa gazetini.

Kliniki ile ilikuwa ya daktari Mhindi na mkewe, naye daktari. Walikuwa na muuguzi mmoja, mtoa dawa mmoja, na huyu karani dirishani. Kila familia ilikuwa na bahasha moja ya kumbukumbu za matibabu, kuanzia baba mpaka kitinda mimba, na hakuna aliyeingia kwa daktari kabla bahasha yao haijatangulia. Nani aingie kwanza aliamua yeye. Siku moja, enzi za utawala wa kijeshi, askari aliupita msururu mzima akasimama mbele yake. "Afande, kaa," karani akamwambia. "Mtoto huyu iko na degedege, yeye ataingia kwanza." Askari akamuuliza, "Wewe najua mimi nani?" Karani hakuinua hata macho. "Najua. Wewe iko na vidonda ya tumbo. Kaa, utaitwa." Akakaa. Sisi wengine tulitazama sakafu, tukiogopa kwa niaba yake.

Wahindi walipofukuzwa nchini, madaktari wale walimwachia ufunguo wa kabati la bahasha wakaondoka. Baadaye vita vilipofika mjini, watu walibeba vitanda, mabenchi, hata mlango wa choo. Bahasha hawakuzikuta. Alikuwa amezihamishia kwake Nkoma ndani ya magunia ya kahawa, akalala nazo chumba kimoja miaka yote ile.

Hali ilipotulia, daktari kijana, Mgisu wa hapo hapo, aliifungua tena kliniki na kumrudisha karani dirishani. Wiki hiyo hiyo nikampeleka mama yangu, mguu umevimba, homa imempanda hata haongei. Muuguzi akaniuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nikajibu hakuna, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Penisilini ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano karani alipoingia na bahasha yetu. "Ngoja, sista. Dawa hiyo ilitaka kumuua huyu mama wakati huyu bwana bado iko tumboni." Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aibu ya siku ile haijanitoka.

Huku Jinja ninakoishi sasa, kliniki zina vioo na viyoyozi, nami huitwa kwa namba. Wahudumu ni wapole na majibu ya damu hutoka upesi, siwalaumu. Lakini nalitamani lile dirisha. Namtamani mtu anayenijua kabla sijafungua mdomo.

Nilipokwenda kuhani, binti wa karani aliniambia kwamba walipomfikisha hospitali alikuwa hawezi tena kusema. Daktari akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Watoto wakatazamana. Nikamuuliza, na bahasha yake? Hakuwahi kuwa nayo. Wafanyakazi wa kliniki walitibiwa wamesimama ukumbini, kati ya mgonjwa na mgonjwa, bila kuandikwa. Tulijazana pale msibani, kila mmoja na kisa chake cha jinsi karani alivyomwokoa mtu wa kwao, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kulijibu swali la daktari. Ndugu msomaji, yule anayekutunza, muulize hali yake angali anaweza kukujibu.