Gauni la Bandi

Mafundi wa nguo tunawajua kwa wimbo wao mmoja: njoo kesho. Ukienda kesho unaambiwa keshokutwa, na kitambaa chako bado kimelala kwenye mfuko uleule uliokuja nao. Fundi wa chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji, hakuwa na wimbo huo. Akisema leo ni leo, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Leoleo. Mteja mmoja tu ndiye aliyepigwa kalenda miaka nenda miaka rudi, naye ni Leoleo mwenyewe.

Aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Akasema atarudi mambo yakitulia. Wadogo wakakua, wakaoa na kuolewa. Yeye akazaa, akasomesha. Mara mbili alijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, na mara zote mbili hakutokea. Kisa? Gauni. Hawezi kukaa darasani na nguo za kazi zilizojaa nyuzi, na gauni lake jipya halijaisha. Kisingizio chepesi, lakini nani ambishie fundi habari za gauni?

Gauni lenyewe, la buluu, lilining'inia msumarini nyuma ya mlango. Na safari hii, alipojiandikisha mara ya tatu, mwalimu wa masomo hayo alisema wazi: darasa linaanza leo saa kumi, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine.

Mchana binti yake, kitinda mimba, alirudi na kazi ya fasihi: aeleze tamathali za usemi katika shairi la ndoto zilizoahirishwa. Akalisoma kwa sauti, mama akikanyaga cherehani.

"Ndoto uliyoiambia ngoja, ni mgeni mlangoni, viatu miguuni."

"Huyo mgeni kakaribishwa au hajakaribishwa?"

"Mama, hakuna mgeni! Ni sitiari. Ndoto ndiyo imefananishwa na mgeni."

"Nimeelewa. Nauliza, hata kiti hawakumpa?"

Binti alicheka, kisha akalitazama tena shairi. "Hawakumpa."

"Maskini," mama akasema, akachukua ndoo kwenda bombani.

Binti akaona amfanyie mama jambo. Akalishusha gauni ili alipige pasi. Kazi yake nyumbani humo ilikuwa kuchomoa bandi, ile mishono mirefu ya uzi mweupe inayoshikiza vipande mpaka cherehani ipite. Akaanza kuchomoa, kama alivyofanya kwenye magauni ya watu. Uzi ulitoka kirahisi. Mkono wa kushoto ukadondoka. Kisha ubavu ukaachia, na gauni likamwishia mikononi.

Leoleo alimkuta katikati ya vipande, analia. "Nilidhani umeshalishona!"

"Halijawahi kupita cherehani, mwanangu. Ni bandi tupu. Kila nikilishika, mtu anapiga hodi."

"Sasa hutaenda darasani, na kosa ni langu."

Leoleo aliona aibu, si kwa sababu ya mtoto. Miaka yote alilitazama tu lile gauni, na kulitazama kukamtosha. Sasa msumari ulikuwa mtupu, hauna la kumtetea. Akafuta machozi ya binti kwa upindo wa kanga, akaweka uzi wa buluu kwenye cherehani.

Hazijapita dakika tano, hodi. Mke wa kinyozi, sketi mkononi. "Leoleo, nipunguzie kiuno, chap chap tu."

"Njoo kesho."

Yule mama akageuka kutazama nani kasema. "Kesho? Wewe?"

"Leo nina mteja."

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Ni mimi, shoga." Mguu haukuacha kukanyaga. "Nimejisubirisha mno."

Mke wa kinyozi alitaka kutania, akaona macho ya fundi, akaikunja sketi yake polepole. "Basi kesho," akasema. "Kazana."

Saa kumi ilikaribia kabla ya upindo kupita cherehani. Binti aliupiga bandi haraka haraka, mishono mirefu iliyokwenda upogo, na Leoleo akatoka hivyo hivyo, nyuzi nyeupe zikionekana kila alipopiga hatua.

Kwenye mlango wa darasa miguu ikagoma. Vichwa vikageuka. Akataka kusema amepotea njia.

"Karibu ndani, mama," mwalimu akasema, akavuta kiti cha mbele. "Kiti chako hiki."

Leoleo akakitazama kile kiti, akakaa, akalia mbele ya watu wote.