Wimbo Ndani ya Barakoa

“Jirani, hizo dawa unazotengeneza, mbona hazikuponyi mwenyewe?”

Fundi cherehani wa chumba cha pili alimuuliza hivyo wakianika nguo, maana kikohozi cha jirani yake huyo kilikuwa kinapenya ukuta kila alfajiri. Mama Mizani, kama walivyomwita kiwandani, alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

“Shoga yangu, zangu ni za tumbo. Kifua hakimo.”

Kazi yake ilikuwa kupima unga wa vimeng'enya, protini za kusaga chakula, dawa ya watu ambao tumbo lao limeshindwa kazi hiyo. Ukiumeza, unakusaidia. Ukiuvuta puani siku nenda siku rudi, mwili unaweza kuuona adui, kifua kikaanza kubana. Hilo alilijua, na kazini barakoa haikumtoka usoni. Ila alikuwa mtu wa kwaya. Mikono ikiwa kwenye kijiko na mizani, mdomo nao unamshukuru Mungu kwa wimbo, mwenyewe hana habari.

Aliyegundua tatizo ni muuguzi wa kiwanda. Alimvisha barakoa ileile, akamfunika kichwa kwa mfuko mpana, akapuliza ndani ya mfuko dawa chungu ya kupima kama barakoa inavuja.

“Unasikia uchungu?”

“Sisikii kitu, mwanangu.”

“Haya, niimbie.”

Akaanza ubeti wa kwanza. Taya likacheza, barakoa ikaachia shavuni, uso ukamkunjamana kama aliyelamba shubiri.

“Makubwa! Kumbe nimekuwa nikijilisha unga kwa nyimbo!”

Muuguzi hakucheka. Vipimo vya damu vilipotoka, vilionyesha mwili umeshaukataa ule unga. Hata kidogo tu kingeweza kumbana pumzi. Akahamishiwa kwenye kubandika lebo. Huko kikohozi kilipungua, Mungu ni mwema, lakini mizani yake aliililia.

Msimamizi alimfuata mezani, kofia mkononi.

“Mama, kosa ni letu. Tulikuwa tunakupima barakoa ukiwa kimya, na kazini hukai kimya. Tukufanyie nini?”

Alifikiri huku akinyoosha lebo iliyokunjika. Mafundi wa mashine walikuwa na kofia za kufunika kichwa chote, zinazosukumiwa hewa safi na feni ndogo ya kiunoni, hata mdomo ukicheza unga hauingii. Wapimaji hawakuwa nazo.

“Mimi sirudi kule, baba. Ila atakayeshika mizani, mpeni ile kofia ya hewa. Na akiimba, msimnyamazishe.”